Uwanja Aliouchora Chengo

Ukunda,
Jumanne, 13 Julai 1999

Kwako Dada Virginia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe pamoja na mama na Ashley, na kwamba mkono haukusumbui sana msimu huu wa baridi ya huko kwenu Kitui. Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Hoteli imeanza kupata wageni kidogo kidogo, ingawa bado si kama ile miaka yetu. Wiki iliyopita tulijaza vyumba thelathini na meneja akatembea ofisini akipiga mluzi kama mtu aliyeposa.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata, na picha ya Ashley ndani ya sare ya shule pia niliipata. Amekuwa mrefu, na macho ni yako kabisa. Nakuomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Nimeanza kuandika mara tatu, nikachana mara tatu.

Dada, hii ni barua ndefu na haina habari njema. Tafadhali keti mahali uisome ukiwa peke yako. Ndani yake kuna habari ya mtu aliyenisaliti, na kuna jambo jingine ambalo linakuhusu wewe kuliko linavyonihusu mimi. Nitaanza na huyo mtu, kwa sababu bila yeye nisingepata ujasiri wa kukuandikia hilo la pili.

Mama Kahaso huwezi kumsahau, yule wa nyumba ya makuti ng'ambo ya njia, mkabala na ploti yetu ya vyumba vya kupanga, aliyekuficha siku ile ya Agosti mwaka wa tisini na saba. Chengo ni mwanawe wa pili. Wakati wa zile fujo za kuwafukuza watu wa bara alikuwa Mombasa akisomea ufundi wa kompyuta, ndiyo maana wewe hukukutana naye. Alirudi mwanzo wa mwaka uliofuata, akapata kazi kwa Bwana Samuel, aliyefungua chuo cha kompyuta hapa Ukunda, ghorofani juu ya duka la mabati. Hoteli ilitaka sisi wa mapokezi tujue kompyuta, tukapelekwa watatu, na mwalimu wetu akawa Chengo. Ni kijana mpole, mwembamba, anayezungumza huku anakuna kidevu. Alinifundisha kwa subira kubwa mimi niliyekuwa naogopa hata kugusa kibodi nisije nikaiharibu.

Siku moja wenzangu walipokwisha kuondoka, aliniuliza kama ninataka kuona mashine ile inaweza nini hasa, mbali na kuandika barua za kazi. Akatia sidii, kile kisahani chenye mchezo. Ndivyo nilivyoijua michezo ya risasi.

Kwa kuwa najua hujawahi kuiona, nitakueleza. Kwenye kioo huoni mtu mzima. Unaona mkono tu ulioshika bunduki, kana kwamba ni wako, na mbele yako kuna vijia, ngazi na milango. Mkono wako wa kushoto uko kwenye kibodi ndio unaokutembeza, na wa kulia umeshika mausi ndio unaogeuza shingo na kulenga. Adui anaweza kutoka popote. Ukipigwa mara nyingi unakufa, kisha unaanza upya.

Risasi ya kwanza ilipolia kwenye spika niliruka kitini. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu tuzisikie za kweli. Chengo alizima sauti upesi, akaniomba radhi, akasema hakufikiri. Kwa ustaarabu ule nikamweka moyoni kama ndugu. Nilimwambia kwamba sitaucheza tena mchezo ule, na kesho yake nikarudi. Usinicheke, dada. Mle ndani nilikuwa naogopa vilevile, lakini nilikuwa nafanya jambo. Nilikuwa nageuka, nakimbia, napiga. Sikukaa tu nimeganda.

Tukawa tunacheza kila nilipopata nafasi, mchana baada ya zamu ya asubuhi na Jumapili baada ya ibada. Tulipenda michezo tofauti. Yeye alipenda mbio na kuruka, michezo ambayo mtu hana muda hata wa kupepesa macho. Mimi sikutaka kabisa ile ambayo adui ni watu. Nilitaka ya mazimwi na wadudu wakubwa wa chini ya ardhi, ambayo mchezaji huenda polepole, akasimama, akasikiliza kabla ya kupita pembe. Tulipoziunganisha kompyuta mbili kwa waya tukapigana sisi kwa sisi, mwanzoni alinishinda hadi nikaona haya. Kufikia Desemba alikuwa hanishindi tena. Vijana wa pale walinipa jina la Kimya, kwa sababu walisema hawanisikii nikija.

Bwana Samuel alipoona vijana wanapanda ngazi kwa ajili ya michezo kuliko masomo, aliamua kutenga chumba na kununua mashine nne za kazi hiyo tu. Alitutuma Mombasa mimi na Chengo tukachague. Dada, siku ile nilijiona mtu. Chengo alitaka prosesa, yaani ubongo wa mashine, mpya kabisa, ile iliyokuwa imetoka juzi tu, na mwenye duka naye alimuunga mkono, akiisifu kama bwana harusi. Mimi nilikuwa nimesoma majarida ambayo mgeni mmoja Mwingereza aliyaacha chumbani, nikasema tuchukue prosesa ya mwaka uliotangulia, na kila mashine tuitie kadi yake ya picha, kadi nzuri. Wakabishana nami. Nikamwomba mwenye duka awashe mashine mbili, moja hivi na moja hivi, kwa mchezo uleule. Katika ile yenye prosesa mpya bila kadi, ukigeuka haraka picha ilikatikakatika kama pazia bovu. Katika ile nyingine uligeuka kama unavyogeuza kichwa chako mwenyewe. Chengo alikuna kidevu, akasema, "Haya, Kimya, umeshinda."

Mausi nilizichagua moja moja, nikizisukuma juu ya kaunta ili nione ipi mpira wake hausiti. Na hedifoni, zile spika za kuvaa masikioni, ni mimi niliyeshikilia zinunuliwe. Chengo alitaka spika kubwa, chumba kitikisike. Nilimkumbusha kwamba pale chini ya ngazi kuna mama muuza mboga, mtu wa bara kama sisi, na kwamba siku tulipojaribu mchezo kwa sauti alitoka mbio akaacha mchicha wake mchangani, tukamkuta amejificha nyuma ya msikiti. Kwa hiyo tukanunua hedifoni nne. Nje ya chumba kile hukusikia chochote isipokuwa vidole na vicheko.

Nakueleza haya yote ili uelewe kwamba Chengo hakuwa mtu wa kupita tu. Nilimwamini jinsi ninavyokuamini wewe.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumapili mchana, tulikuwa wawili tu tunacheza. Niliingia katika stoo moja ya mle mchezoni, nikajificha nyuma ya mlango. Kwenye hedifoni nikasikia nyayo zake zikija, zikakaribia, zikasimama. Kisha akaupiga mlango. Dada, mikono yangu ilitoka kwenye kibodi yenyewe. Chengo aliponiona simjibu alizunguka meza, akanikuta nalia kama mtoto.

Nikamweleza. Nilimweleza jambo nililolifanya siku ile ya Agosti, ambalo sijamwambia mchungaji, sijamwambia mama yangu mzazi. Wewe nitakueleza kabla barua haijaisha, nivumilie kidogo, nataka mambo yaje kama yalivyofuatana. Chengo alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akaniletea maji. Akaapa kwa haki ya Mungu kwamba neno lile halitatoka mdomoni mwake, nami nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza katika muda mrefu.

Wiki zilizofuata akawa ananirudisha kwenye habari ile kidogo kidogo. Wajua ile ploti mwenyewe aliibomoa baada ya fujo, sasa ni uwanda mtupu wenye magugu, na Chengo aliijua kwa nje tu. Aliniuliza kulikuwa na vyumba vingapi kila upande. Tangi la maji lilikaa wapi, karibu na geti au karibu na choo. Milango ilipakwa rangi gani, ilifungukia ndani au nje. Komeo lilikuwa la mbao au la chuma, na lilikuwa moja au mawili. Aliuliza kwa upole, mara nyingine huku anafanya kazi nyingine. Nilidhani ananisaidia kuutua mzigo. Nikajibu kila kitu. Siku moja hata nilimchorea kwa kalamu nyuma ya fomu ya hoteli, akaikunja akaitia mfukoni, akasema asante.

Michezo hii, dada, huja na chombo cha kumwezesha mtu kuchora uwanja wake mwenyewe, yaani mahali penyewe pa kupigania, kuta, milango, mwanga na sauti. Mimi sikuwahi kujifunza. Chengo alijua.

Jumamosi ya tarehe tatu mwezi huu chumba kilijaa, labda vijana kumi na wawili. Gilbert Musyoka naye alikuwepo, yule mhudumu wa hotelini kwetu aliyekaa chumba cha karibu na geti. Chengo alisimama akatangaza kwamba ameleta uwanja mpya alioutengeneza kwa mkono wake, kazi ya miezi mitatu, na kwamba anayestahili kuukanyaga kwanza ni Fridah. Walipiga makofi. Nikakaa kwenye mashine ya dirishani, nikavaa hedifoni, nikiwa na furaha na kiburi.

Kilichotokea kwenye kioo kilikuwa ua wa mchanga. Kulikuwa na tangi jeusi juu ya matofali. Kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Milango mitatu kulia na mitatu kushoto, yote ya buluu. Nilidhani macho yananidanganya. Nikapita geti, na ng'ambo ya njia ilikuwepo nyumba ya makuti, haina mlango, ina pazia la gunia, nawe ukiingia humo afya yako yote inarudi, hata ukiwa umebakiza tone moja. Nikageuka nikarudi uani. Nikaenda mlango wa tatu kulia. Nikabonyeza kuufungua, haukufunguka. Nikabonyeza tena. Ndipo nikasikia kwenye masikio yangu yote mawili komeo la chuma likisukumwa kwa ndani, polepole, kama mtu asiyetaka kusikika. Alikuwa amelinasa komeo la kweli kwa maikrofoni.

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Wenzangu walifikiri nimeshangaa kwa uzuri. Wakaingia watatu pamoja kwenye mashine nyingine, wakaanza kufukuzana kulizunguka tangi, wanapigana chini ya ile kamba ya nguo, wanacheka.

Gilbert alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akasema kwa sauti, "Hebu! Hii si ploti yetu ya zamani? Mimi nilikaa hapo, karibu na geti." Vijana wakashangilia. Akauliza mbona kile chumba cha tatu hakifunguki na vingine vyote vinafunguka.

Chengo akamjibu, "Hicho hakifunguki. Kuna mtu ndani."

"Nani?"

"Muulizeni Fridah."

Wote wakacheka tena, wakaniomba niwape siri ya kukifungua, kwa sababu walidhani ni fumbo la mchezo. Gilbert peke yake hakucheka. Aliniangalia, akaangalia kioo, akaniangalia tena. Yeye anajua chumba cha tatu kulia kilikuwa cha nani. Na anajua wewe ulikatiwa mkono wapi. Jioni yake, katika kantini ya wafanyakazi, aliniambia bila kuketi kwamba likizo yake inaanza Ijumaa ya tarehe kumi na sita, kwamba anakwenda Kitui, na kwamba atapita kwako akujulie hali.

Jumatatu nilimkabili Chengo kabla chuo hakijafunguliwa. Nilikuwa nimepanga kusema kwa utulivu, nikashindwa. Nilimwita mwongo na mwizi. Nilimwambia kwamba nilimpa kitu kimoja tu katika maisha yangu ambacho sikumpa mwingine, naye amekigeuza mahali pa watu kujifurahishia. Alisema jina langu hakuliandika popote ndani ya mchezo. Nikamuuliza, na lile neno la kuwaambia watu wamuulize Fridah, lilitoka kwa nani? Akainamisha kichwa. Akasema limemponyoka.

Kisha akaniambia, na hili sitalisahau, "Mamangu hakuwa hata na komeo, Fridah. Alikuwa na pazia la gunia. Na alimwita Virginia aingie."

Alisema tangu siku niliyomweleza hakupata raha. Kila asubuhi anamwona mama yake akifagia njia, mwanamke ambaye hakuna aliyempa hata asante, kisha mchana anacheza na mimi. Alitaka kuchora nyumba ya mama yake ili watu waingie humo wapone, hakujua namna ya kuichora bila mlango wangu mkabala nayo. Nilimwambia angeniuliza. Angesema tu, "Fridah, nataka kufanya hivi," mimi ningekataa, na angejua kuwa nimekataa. Aliwasha mashine akaufuta uwanja mbele ya macho yangu, nami nikasimama kuhakikisha. Lakini vijana walikuwa wameshaunakili kwenye diski. Umefika Galu. Umefika Msambweni. Nasikia kuna mtoto wa wakala wa mizigo aliyeupeleka mpaka Lunga Lunga. Wanaupenda kuliko viwanja vyote vilivyokuja na sidii, kwa sababu, wanasema, unafanana na kwetu. Hata sasa ninapoandika kuna mtu anapita katika ua wetu akitafuta wa kumpiga.

Sijarudi pale. Bwana Samuel alinitumia ujumbe kwamba ananunua mashine nyingine mbili na anataka nikachague kadi. Nilimwambia amwulize Chengo.

Sasa nifike ninapokwepa, dada.

Siku ile ya Agosti sikuwa kazini. Nilitoka saa nane mchana kwenda zamu yangu, nikaiona barabara tupu, hakuna gari wala baiskeli, nikarudi kwa njia ya nyuma, hakuna aliyeniona. Nilijifungia chumbani. Nilivaa sare yangu, nikaketi chini nyuma ya kitanda. Nilisikia walipoingia kwenye ploti ya jirani. Nilisikia vyombo vikivunjwa. Kisha nikasikia malapa yako uani, nikayatambua, maana lile la kulia lilikuwa limekatika na umelifunga kwa waya. Ulikwenda kwenye mlango wako, ukatafuta ufunguo ukaukosa, ukasema, "Yesu, mkoba." Ukaja kwangu. Ulipiga kwa kiganja, si kwa nguvu. Ulisema, "Fridah, kama umo nifungulie, wanakuja." Ulisema mara mbili.

Nilisimama, dada. Nataka ujue kwamba nilisimama. Nilifika mlangoni. Komeo la chini lilikuwa limefungwa, la juu bado. Nilinyoosha mkono kwenda kufungua lile la chini, mkono ukaenda juu, nikalisukuma komeo la juu likaingia. Kisha nikabaki hapo nimekuegemea, mbao tu ikiwa baina yetu, mpaka uliposikia sauti zao ukakimbia. Nilisikia walipokukuta getini. Mengine unayajua kuliko mimi.

Walipoondoka nilipita njia ya nyuma nikaenda hotelini nikiwa na sare, nikasaini kitabu cha zamu kana kwamba nimechelewa. Siku ya tatu nilikuja hospitali Msambweni na machungwa. Ulikuwa umelala, mkono umefungwa mpaka begani. Uliniambia, "Namshukuru Mungu hukuwepo, Fridah." Nami nikakujibu kwamba ndiyo, nilikuwa kazini. Nikakumenyea chungwa.

Hilo ndilo nililomweleza Chengo. Wala sitajifanya mbele yako kwamba nakuandikia kwa kuwa moyo wangu umekuwa safi. Kama Gilbert asingekuwa anakuja huko Ijumaa, ningeendelea kunyamaza, ningekuandikia habari za hoteli na kumtumia Ashley vitabu. Nimeandika ili uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake.

Nilidhani barua ingeishia hapa. Lakini juzi Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwa Mama Kahaso. Niliona si haki yeye kuyasikia njiani, na hasa kwa kuwa ni mwanawe aliyeyaeneza. Alikuwa barazani anasuka ukili. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza alisema, "Najua, mwanangu."

Nilidhani Chengo amemwambia. Akasema Chengo hakumwambia kitu. Aliyemwambia ni wewe. Alisema ulipokuwa umelala nyuma ya magunia yake ya mahindi, amekufunga mkono kwa leso zake mbili, ulimwambia, "Fridah yumo ndani. Nimesikia komeo." Yeye akataka kuja kuniita, ukamshika nguo. Ukamwambia asije, asimwambie mtu yeyote, wala mimi nisijue kuwa unajua, kwa sababu nikijua sitakuja kukuona tena. Akakuahidi. Miaka miwili mama yule ananijibu marahaba kila asubuhi, ananiuliza nimelalaje, na anajua. Kwa hiyo na yeye nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema neno si lake.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika. Sina haki, najua sina, lakini nitakuambia kweli maana nimechoka na uongo: nilikukasirikia. Nilihisi umenifanyia kama Chengo, umenijua na kuniacha nizunguke mbele yako na machungwa yangu, na barua zangu, na vitabu vya Ashley, huku nikidhani nimefichika. Nilikasirika siku nzima. Jana hasira ikaniisha, likabaki swali moja, nalo ndilo limenifanya niimalize barua hii badala ya kuichana mara ya nne.

Pale hospitali uliponiambia unamshukuru Mungu sikuwepo, ulikuwa unanifunika? Au ulikuwa umenifungulia nafasi, unaningoja niseme, nami nikasema nilikuwa kazini?

Msamaha sikuombi kwa karatasi. Likizo yangu ni mwezi wa tisa. Ukinikubalia nitakuja Kitui nikae mbele yako unitazame na useme utakalo. Ukiona afadhali nisije, usijibu, nitaelewa, na sitakulaumu. Ila ukijibu, dada, hata kama ni mstari mmoja tu, nijibu hilo.

Mama Kahaso anakusalimu sana. Anauliza vidole viwili vile kama vimeanza kukunjika, na anasema usiache kuvisugua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Ameniagiza nikuambie kwamba ile leso yake nyingine, ile uliyoondoka nayo, usihangaike kuirudisha. Nisalimie mama na umpe pole ya miguu. Ashley msalimie, na umwambie asome kwa bidii.

Posta wameniambia barua itachukua siku tatu. Gilbert anapanda basi Ijumaa asubuhi. Sijui nani atatangulia.

Ni mimi mdogo wako,
Fridah Kanana